Mfarishi, Kiraka na Kujimudu: Istilahi za Ushonaji wa Nyumbani

Utangulizi

Aghalabu watu hufikiri kwamba istilahi ni mali ya maabara, mahakama na karakana. Mtambo mpya ukiletwa nchini, mara moja tunaulizana sehemu zake zitaitwaje kwa Kiswahili. Lakini zipo kazi nyingi za majumbani ambazo nazo zina ufundi wake, zana zake na hatua zake, na ambazo hazijapata heshima hiyo. Makala hii inahusu mojawapo ya kazi hizo: kushona kwa kuunga vipande vidogo vya kitambaa, kuvitia bitana na pamba, hata ikapatikana nguo moja nene ya kujifunika. Tena tutaitazama kazi hiyo inapofanywa na mtu ambaye mikono, miguu au macho yake hayamtii kama zamani, na ambaye kwa sababu hiyo ameichagua kazi ya kukaa nyumbani.

Tumeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Mfasiri anayetafsiri kitabu cha mafunzo ya ushonaji, mwalimu wa ufundi, na ofisa wa maendeleo ya jamii anayejaza fomu, wote hukwama mahali pawili palepale: jina la kazi, na jina la mtu anayeifanya. Kosa katika jina la kwanza huifanya kazi ionekane duni. Kosa katika la pili humfanya mtu aonekane duni. Na mtu huyohuyo ndiye anayebeba makosa yote mawili.

Mfano wa Inyonga

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini tuuweke mahali pa kweli. Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012; kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda. Ni nchi ya Wakonongo, nchi ya misitu ya miombo, inayojulikana kwa nyuki, asali na nta. Usiku wa Juni na Julai huko huwa na baridi, na nguo nene ya kujifunika si pambo.

Mama mmoja wa hapo alipata kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vikabaki dhaifu. Shamba hawezi tena. Hukusanya vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani, vya khanga na vitenge, akaviunga na kuuza nguo za kujifunika. Siku moja kijana wa ofisini anakuja kuandikisha wanaotaka mkopo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Shughuli yako ni ipi, mama?"

"Nashona viraka."

Kijana anasita, kisha anaandika: "Hana shughuli. Hutengeneza nguo zake kuukuu."

Kijana huyo hakukusudia ubaya. Aliandika alichokisikia, kwa maana katika Kiswahili cha kila siku kushona kiraka ni kuziba tundu la nguo iliyochanika. Lakini hasara ni ya mama. Utaratibu wa mikopo ya halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Fungu lipo, na mwombaji anastahili. Kilichokosekana ni neno la kuijaza nafasi iliyoandikwa "aina ya shughuli".

Je, neno hilo kweli hatunalo?

Mfarishi

Neno tunalo. Nguo nene yenye pamba katikati, iliyoshonwa pamoja ili pamba isikimbie, huitwa mfarishi. Wingi wake mifarishi. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutandika, na kamusi zetu zimelihifadhi. Mfarishi hukaa kati ya godoro na blanketi: ni mwembamba kuliko godoro, na tofauti na blanketi, haufumwi bali hushonwa kwa matabaka.

Kasoro yake ni moja tu, kwamba neno hili limekaa zaidi pwani na ndani ya kamusi. Bara wengi husema "blanketi la viraka" au "shuka la viraka". Wapo watakaosema kwamba neno lisilojulikana na wengi halifai kufufuliwa. Sisi tunaona kinyume. Neno mfarishi ni fupi, linakubali upatanisho wa kawaida wa M-/MI- (mfarishi huu, mifarishi hii), na halimdhalilishi mtu. Kulirudisha katika vitabu vya mafunzo ni rahisi kuliko kubuni neno geni. Na pale ambapo msomaji hajalizoea, mfasiri anaweza kuandika mara ya kwanza "mfarishi, yaani nguo ya kujifunika yenye pamba katikati", kisha akaendelea na neno lenyewe.

Si kila mfarishi uliotengenezwa kwa vipande. Mwingine ni wa kitambaa kimoja kizima juu na kimoja chini. Ule wa vipande tunapendekeza uitwe mfarishi wa vipande, na tendo lake kuunga vipande.

Kiraka

Kwa nini tusiseme "mfarishi wa viraka"? Kiraka ni kipande kinachoziba. Huja baada ya uharibifu: kwanza nguo inachanika, ndipo kiraka kinatafutwa. Hata barabara ikitoboka tunasema imetiwa viraka. Kipande cha mfarishi hakizibi kitu chochote. Hakuna nguo iliyokuwako kabla yake. Kipande huanzisha nguo, kiraka huiokoa. Hiyo ni tofauti ya dhana, na istilahi ambayo haionyeshi tofauti ya dhana haijakamilika.

Hata hivyo hatusemi neno kiraka litupwe. Lina bahati yake. Katika lugha ya kandanda, "mchezaji kiraka" ni yule anayeweza kucheza nafasi yoyote atakayopangwa, na hilo ni neno la sifa. Mshonaji mwenyewe akipenda kuiita kazi yake viraka, lugha ni yake. Wajibu wetu unahusu vitabu, fomu na matangazo, ambamo asiyekuwapo husomwa na asiyemjua.

Vitendo vya mshonaji

Mtu anayetafsiri maelezo ya kushona mfarishi hukutana na vitendo vitatu vinavyofanana, na mara nyingi huviandika vyote "kushona". Lugha yetu imevitofautisha tangu zamani.

Cha kwanza ni kupiga bandi, yaani kupitisha sindano kwa mishono mirefu, mepesi, ili kushikiza vitambaa kwa muda kabla ya mshono wenyewe. Bandi hufumuliwa kazi ikiisha.

Cha pili ni kutona. Watu wengi leo wanajua kutona hina tu. Lakini kamusi za zamani zinatuambia pia kutona godoro: kupenyeza uzi toka upande mmoja hadi wa pili, hapa na pale, na kuufunga ili pamba isijikusanye pembeni. Msomaji ataona uhusiano na neno tone: hina huwekwa tone baada ya tone, na mshono wa godoro nao huwekwa kwa nukta zilizoachana. Kwa hiyo mfarishi unaofungwa kwa mafundo yaliyoachana, tuseme kila upana wa kiganja, ni mfarishi uliotonwa. Ule unaopitishwa mistari ya mishono kutoka ukingo hadi ukingo ni mfarishi wa mistari.

Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Kutona kunahitaji mishono michache, na mshonaji anaweza kupumzika baada ya kila fundo bila kuharibu mstari. Kwa mwenye baridi yabisi ya vidole, kuandikiwa "shona" badala ya "tona" ni kuongezewa kazi ya majuma kadhaa na maumivu yake.

Cha tatu ni kudarizi. Zamani neno hili lilibeba pia maana ya kushonea matabaka pamoja, lakini leo limeelemea kwenye mapambo ya uzi juu ya kitambaa, kama yale ya shingo ya kanzu. Tunashauri liachwe huko, ili kutona na kushona mistari zibaki na uwanja wao.

Kipande kwa kipande

Swali ambalo mwalimu wa ufundi ataulizwa mapema ni hili: mtu asiyeweza kusimama, wala kuinua nguo nzito, atashonaje kitu cha upana wa kitanda? Jibu limo katika kazi ambayo wasuka mikeka wameijua siku zote. Msuka mkeka hasuki mkeka mzima kwa pamoja. Husuka ukili, ule mkanda mwembamba unaokaa mikononi, akauzungusha na kuuweka kando. Kili zikitosha, ndipo zinapounganishwa kwa kushonwa. Vivyo hivyo mfarishi unaweza kushonwa kipande kwa kipande: kila kipande kikitiwa bitana na pamba yake kikiwa kidogo cha kutosha kukaa mapajani, kisha vipande vikaungwa mwishoni. Uzito wa nguo nzima haumwangukii mshonaji mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo jirani anaweza kumsaidia kuishika.

Iko pia njia ya pili. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika ambao wengi wao walifikishwa huko katika zama za Wareno. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi, kutokana na nguo zilizokwisha kuvaliwa. Huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, wakiweka kipande na kukishona papo hapo pamoja na matabaka ya chini, bila fremu ya kutandazia kitambaa. Hapa kuunga na kushona matabaka ni tendo moja. Mfasiri asiyejua jambo hili atatafuta hatua mbili mahali palipo na moja.

Zana na mwili

Zana za mshonaji zilipewa majina kwa kufikiria mwili wenye viungo vyote na nguvu zote. Kwa hiyo jina lisipoangaliwa, humfungia mtu mlango.

Neno cherehani, ambalo ni ndugu wa cherehe, gurudumu la kunolea, halitoshi peke yake. Cherehani ya mkono huendeshwa kwa mkono wa kulia unaozungusha gurudumu, na wa kushoto ukiongoza kitambaa. Inamfaa ambaye miguu yake haina nguvu. Cherehani ya miguu huendeshwa kwa kanyagio na kuiacha mikono yote miwili huru. Inamfaa ambaye mkono wake mmoja ni dhaifu lakini miguu yake ni mizima. Mama wa mfano wetu, aliyedhoofika mguu na mkono wa upande mmoja, ataona taabu na zote mbili: ya kwanza inataka mikono miwili, ya pili inataka miguu. Ofisa anayeandika "apewe cherehani" bila kutaja ya namna gani anaweza kutoa msaada usiosaidia.

Kwa cherehani ya umeme limezuka tatizo jingine. Kile kinachobonyezwa kwa mguu ili mashine iende huitwa kanyagio. Lakini kifaa hicho hicho chaweza kuwekwa mezani kikabonyezwa kwa kiwiko. Hapo hakuna tena kinachokanyagwa. Tunapendekeza vitabu vya mafunzo viseme kibonyezo cha mwendo, jina linalotokana na kazi ya kifaa na si kiungo cha mwili kinachokitumia. Kanuni hii yafaa izingatiwe kila tunapobuni majina ya vifaa.

Kwa anayeshona kwa mkono, tatizo la kwanza ni kutunga uzi kwenye sindano. Mwenye macho hafifu au mkono unaotetemeka hupoteza nusu ya asubuhi hapo. Dawa yake ni mbili. Kwanza, sindano kadhaa zitungwe kwa pamoja katika uzi mmoja ungali kwenye kibiringo chake. Mtoto anaweza kufanya hivyo kabla ya kwenda shule, na mshonaji akawa anavuta sindano moja moja na kukata uzi anaoutaka. Pili, uzi upitishwe kwenye nta. Uzi uliotiwa nta hukakamaa, ncha yake haichanuki, na haujifungi mafundo njiani. Inyonga, penye nyuki, hakuna haja ya kuagiza nta kutoka mbali. Tendo hili laweza kuitwa kutia uzi nta, bila haja ya neno jipya.

Mwenye vidole visivyokunjika vizuri ataona afadhali sindano nene, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka na magunia, yafaa kwa kutonea. Mpini wa mkasi ukizungushiwa kitambaa huwa mnene na rahisi kushika. Mikono ikikakamaa asubuhi, maji ya vuguvugu huilegeza kabla ya kazi, na kupumzika kabla maumivu hayajaanza ni bora kuliko kupumzika baada yake.

Tahadhari moja haina budi kutajwa waziwazi katika kila kitabu cha mafunzo. Mwenye ganzi ya vidole, iwe kwa sababu ya ukoma, kisukari au kiharusi, huweza kuchomwa na sindano asijue. Huyo avae subana, kile kikofia cha kidole, na avikague vidole vyake kila amalizapo kazi. Neno subana limepungua masikioni mwa vijana. Lirudi, kwa sababu kifaa chenyewe kinahitajika.

Jina la mtu

Sasa tumtazame mshonaji mwenyewe. Kiswahili cha zamani kilimwita kilema, kiwete, kipofu au kiziwi, yote katika umbo la KI-/VI-, ngeli tunayoiona zaidi kwa vitu. Ni kweli kwamba upatanisho wake ni wa watu: tunasema "kipofu amefika", si "kimefika". Hata hivyo umbo lenyewe limewaumiza wengi.

Kutokana na kitenzi kulemaa lilipatikana mlemavu, kama mlegevu kutokana na kulegea na mpotevu kutokana na kupotea. Neno hili lilienea hasa miaka ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, yaani 1981, na sheria mbili za mwaka 1982 zilizohusu ajira na matunzo yao. Baadaye ilionekana kwamba hata mlemavu humtaja mtu kwa hali yake kana kwamba hana kingine. Sheria ya mwaka 2010, Na. 9, ikaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ndilo jina la kutumia katika maandishi rasmi.

Lakini kanuni isifuatwe kwa upofu wa moyo. Viziwi wa Tanzania wanacho chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo wanalibeba wenyewe. Karakana ya Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana mwaka 2003, ilianza na vijana 3 viziwi, ikakua kuwa mahali ambapo watu wenye ulemavu wa namna mbalimbali hufuma, hushona na kuuza. Wahusika wakiwa wamechagua jina, mfasiri asijifanye kuwatetea dhidi ya jina lao wenyewe.

Kuhusu hali zenyewe, tusitumie ulemavu kwa kila udhaifu. Mzee mwenye baridi yabisi hajioni mlemavu, na pengine sheria haimhesabu hivyo. Kwake yatosha kusema mtu asiyemudu kazi fulani: asiyemudu kusimama kwa muda mrefu, asiyemudu kushika kitu chembamba. Kitenzi kumudu ni johari. Kinataja kazi, si mtu, na kinaacha nafasi ya kuuliza: je, akipewa hiki, atamudu? Kutokana nacho tumekwisha kupata nyenzo za kujimudu, jina la vifaa kama kiti cha magurudumu na magongo. Tunapendekeza lipanuliwe lihusu pia zana za kazi: mpini mnene, kibonyezo cha mezani, sindano zilizotungwa mapema.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunayaleta maneno haya mbele ya wasomaji:

Mfarishi: nguo ya kujifunika au kulalia yenye pamba kati ya matabaka mawili ya kitambaa.
Mfarishi wa vipande: mfarishi ambao upande wake wa juu umeungwa kwa vitambaa vidogo.
Kipande: sehemu moja kamili ya mfarishi kabla haijaungwa na nyingine.
Kiraka: kitambaa cha kuziba palipochanika.
Bitana: kitambaa cha upande wa chini.
Pamba ya kati: kijazo cha mfarishi, hata kikiwa cha sufi au cha nguo kuukuu.
Kupiga bandi: kushikiza kwa mishono mirefu ya muda.
Kutona: kufunga matabaka kwa mafundo yaliyoachana.
Kushona mistari: kufunga matabaka kwa mishono mfululizo.
Kudarizi: kupamba kitambaa kwa uzi.
Subana: kikofia cha kukinga kidole.
Shazia: sindano kubwa ya kushonea vitu vinene.
Kibonyezo cha mwendo: kifaa cha kuendeshea cherehani ya umeme kwa kiungo chochote.
Nyenzo za kujimudu: vifaa vinavyomwezesha mtu kufanya asilolimudu bila hivyo.
Mshona mifarishi: mtu ambaye kazi yake ni kushona mifarishi.

Hitimisho

Tumrudie mama wa Inyonga. Ofisa aliyefunzwa maneno haya angemsikia akisema "nashona viraka", naye angemwomba amwonyeshe kazi yake. Angeiona nguo, akaandika: "Mshona mifarishi. Hashoni kwa cherehani. Hushona kwa mkono mmoja, kipande kwa kipande. Anahitaji kibanio cha kushikia kitambaa mezani, na mtaji wa pamba." Mama ni yuleyule, kazi ni ileile, na fomu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba anayesoma karatasi hiyo makao makuu, asiyepata kumwona mama huyo, sasa anajua anachoombwa.

Wasomaji, hasa walimu wa ufundi na maofisa wa maendeleo ya jamii walioko mikoani, wanaombwa walete maneno yanayotumika kwao kwa zana na vitendo tulivyovitaja. Huenda Wakonongo, Wasukuma au Waha wana neno zuri kuliko kutona. Likiwapo, na lije.